Kikombe cha Kwanza

Lori la ushirika lilipopinda kwenye mikorosho na taa zake za nyuma zikapotea, Saumu binti Mussa alirudi ndani, akafunga mlango, akaufungua, akachungulia nje, akaufunga tena. Akakaa kitandani bila kuvua kandambili. Juu ya magunia ya korosho katika lori lile alikuwa amelazwa mkwewe, Shaibu, fundi cherehani wa kijiji, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mgeni, mkewe. Macho ya Shaibu yalikuwa wazi lakini hayakuona kitu. Na Mgeni ndiye mtoto pekee aliyembakia Saumu katika watoto watano aliowazaa.

Mambo yalianza magharibi. Shaibu alikuwa kwenye cherehani akimalizia sare za wanafunzi, kwa kuwa shule ingefunguliwa Jumatatu. Akainua kichwa akauliza kwa hasira, "Nani kazima taa?" Mgeni akadhani ni mzaha, akacheka. Karabai ilikuwa inavuma mbele ya uso wa Shaibu.

Dereva wa lori, Ismaili, alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini usiku ule alimtazama mgonjwa akayapunguza. Aliuliza swali moja tu kabla ya kuwasha gari.

"Jamani, kanywa nini huyu? Maana nikifika hospitali nitaulizwa mimi, utadhani mimi ndiye mpishi wake."

"Dawa ya tumbo tu," Mgeni akajibu kutoka juu ya magunia. "Ile ya danzi anayotengeneza mama. Maganda na sukari." Kisha akamgeukia mama yake aliyekuwa ameshika kandili chini. "Si ndiyo, mama?"

Saumu akasema, "Ndiyo, mwanangu. Maganda na sukari."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Maneno yalitoka kama mtu anavyoitikia salamu. Gari likaondoka nayo kwenda Mtwara, na Saumu akabaki na kandili mkononi, akijua peke yake kilichokuwamo ndani ya chupa ile zaidi ya maganda na sukari.

Usiku huo aliswali isha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alipoteza hesabu ya rakaa. Mbwa wa jirani akibweka, alisimama. Mtu akikohoa nyumba ya tatu, alisimama. Nyumba za kijiji kile kipya zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, zimekaribiana kiasi kwamba mtu akifunua sufuria, jirani anajua kama mna kitoweo au hamna. Ilikuwa mwaka wa pili tangu wahamishwe, na Saumu hakuwahi kuzoea. Kule walikotoka kila mtu alikuwa na mikorosho yake kati yake na macho ya watu.

Alipoona hawezi kulala aliinama akavuta sanduku chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na chupa mbili zimefungwa kwa kaniki. Zilikuwa tatu. Ya tatu ndiyo aliyompa Mgeni siku nne zilizopita, na maelezo yake: kijiko kimoja asubuhi, kijiko kimoja jioni. Alizitazama zile mbili mpaka jogoo wa kwanza. Mikono yake haikuthubutu kuzigusa.

*

Dawa ya danzi Saumu alifundishwa kuitengeneza na mwanamke wa Kigiriki, zamani, kabla ya uhuru, alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Baba yake alikuwa akikata mkonge katika shamba moja njia ya Mikindani, na yeye akachukuliwa jikoni kwa bwana mwenye shamba. Mke wa bwana huyo watu walimwita Mama Yani, kwa jina la mwanawe. Alikuwa mwanamke mkali, hasa kwa vyombo, lakini mtu akijifunza kitu kwa haraka alimpenda. Nyuma ya nyumba palikuwa na midanzi mitatu, ile michungwa mikali ya ngozi nene ambayo matunda yake hakuna mtoto anayeyaiba. Saumu alidhani imepandwa kwa ajili ya kivuli, mpaka alipomwona Mama Yani akichuma.

Kazi yenyewe ilitaka subira kuliko ujuzi. Danzi unalichuma likiwa limeiva lakini bado gumu. Unaliosha, unalifuta, unalimenya kwa kisu kikali, na hapo ndipo palipo na kazi: unachukua ngozi ya juu ya rangi tu, nyembamba kama karatasi, ile nyeupe ya chini usiiguse. Ukiiingiza nyeupe, dawa yote inakuwa chungu. Maganda unayatia kwenye chupa ya kioo, unayamiminia pombe kali isiyo na rangi, unaziba, unafunga kwa kitambaa cheusi, unaweka gizani. Siku arobaini. Kila asubuhi unaitikisa chupa kidogo. Pombe inayanyonya maganda mpaka yanabaki meupe na makavu, yanakatika kama viberiti, na yenyewe inageuka rangi ya dhahabu. Hapo unachemsha sukari na maji, unaiacha ipoe kabisa, unachanganya, unachuja kwa kitambaa cha melimeli. Unasubiri tena majuma mawili.

Mama Yani alikunywa yake kwenye bilauri ndogo kama kikombe cha kuoshea jicho, baada ya chakula. Lakini Yani akiumwa tumbo alipewa kijiko. Saumu alikishika moyoni hicho kijiko. Yeye ni mtoto wa Kiislamu, amesoma juzuu, anafunga. Pombe hakunywa na hakutaka kunywa. Ila dawa ni dawa. Wagiriki walipoondoka na shamba likachukuliwa na serikali, Mama Yani alimwachia chupa tatu kubwa za kioo na kisu kile. Saumu alikuwa ameolewa, amezaa, na watoto wanaumwa matumbo kama watoto wa Mgiriki. Akatengeneza. Hakuionja hata mara moja maishani mwake. Aliipima kwa pua na kwa kuinyanyua kwenye mwanga.

Wanawake waliojifungua walikuja kuomba. Wazee wenye gesi walikuja. Walikuwapo pia wanaume wazima wasio na ugonjwa wowote waliosema tumbo linawasumbua kila Ijumaa jioni, na Saumu aliwajua, na aliwapa wao chupa ndogo kuliko wengine. Waliojua walijua, wasiojua hakuwaambia. Mgeni alikuwa miongoni mwa wasiojua. Alikua akiona mama yake anamenya madanzi na kuchemsha sukari. Pombe ilitiwa yeye akiwa chuoni, kwenye Kurani. Baadaye aliolewa na Shaibu, kijana mpole wa Mikindani ambaye baba yake hufundisha watoto Kurani na yeye mwenyewe huwaswalisha, na hapo ndipo Saumu alipoona hawezi tena kumwambia.

Pombe yenyewe aliichukua kwa Raheli.

Raheli alikuwa Mmakonde, Mkristo, jirani yake kule mahameni walikohama, na kila msimu wa mabibo alipika gongo kwa kujificha kama wote walioipika, kwa sababu gongo ni jela. Mabibo yakiiva mwezi wa kumi yanaoza chini ya mikorosho kwa wingi kiasi kwamba hewa yote inanuka uraka, pombe ya mabibo, na polisi hawezi kujua harufu inatoka kwenye mti au kwenye mtungi. Saumu alikwenda kwake jioni na chupa ndani ya kikapu cha mihogo. Alimkuta amekaa mbele ya mtungi, ameelekeza mrija kwenye chungu cha maji. Na kila mara tone la kwanza lilipoanza kudondoka, Raheli alikinga kikombe cha bati. Kikijaa alisimama, akaenda mpaka kwenye shina la mkorosho, akakimwaga chote ardhini huku akitaja majina ya watu wake waliokufa.

Saumu aligeuza uso akasema, "Astaghfirullahi."

"Geuza, geuza, mswalihina wewe," Raheli akasema. "Babu yangu hapendi kunywa mbele ya wageni."

"Siku utakayoacha ushirikina huo, mimi nitachinja kuku."

"Utamchinja jogoo gani, yule wako mwenye jicho moja? Mwache azeeke."

Walicheka. Lakini Saumu hakuipenda ile desturi. Ilimtia hofu kwamba dawa yake imeanza na jina la mizimu, na akifika nyumbani alisoma Bismillahi juu ya chupa mara saba.

Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipokuja, Raheli na watu wake walipelekwa kijiji kingine, mwendo wa saa mbili kwenye njia ya Mtwara. Saumu na wenzake wakaletwa hapa, upande wa Ziwani. Msimu wa kwanza hakutengeneza kitu, alikuwa anajenga. Msimu wa pili akasikia kwamba Mathayo anapika.

Mathayo alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwenye kadi ya chama, aliyesoma mpaka darasa la saba na aliyesimamia darasa la watu wazima. Ndiye aliyemfundisha Saumu kuandika jina lake. Alikuwa na mtungi mzuri na mrija wa shaba, na alipika haraka.

"Wewe humwagi cha kwanza?" Saumu alimuuliza alipomwona anakinga tu.

Mathayo akacheka mpaka akashika tumbo. "Nimwage nini, Bi Saumu? Niwaleweshe marehemu? Mambo hayo tumeyaacha kule mahameni na panya wake. Tena wewe, mtu wa swala tano, ndiye unayeniuliza habari za mizimu?"

Saumu aliona haya. Pia, na hilo ndilo lililomrudia usiku ule kitandani, alifurahi. Alijiambia kwamba mwaka huu dawa yake itakuwa safi, haikuanzia kwa mzimu wa mtu.

"Mimi nataka kali," akasema. "Kali kabisa. Iliyolegea haitoi mafuta kwenye maganda."

"Kali ninayo. Hivi vya mbele, vya kwanza kutoka, nimekusanya vya mapishi ya wiki nzima, watu wanalalamika vinawachoma. Chukua wewe mwenye maganda."

Akajaza chupa tatu. Ilikuwa kali kweli. Alipomimina juu ya maganda nyumbani, macho yalimtoka machozi, na siku ya ishirini tu maganda yalikuwa yamekwisha kutoa rangi yote. Saumu alijisifu. Hakuwahi kuona dhahabu kama ile.

*

Ismaili alirudi alfajiri. Saumu alikuwa barabarani kabla injini haijazimwa.

"Yu hai," Ismaili akasema kutoka dirishani. "Usilie kwanza, mama, yu hai. Ila haoni. Katapika njia nzima, kisha anahema kama aliyekimbia. Daktari ni kijana, hana usingizi, anazunguka na karatasi. Anauliza kanywa nini. Mwanao anamwambia maganda na sukari, yeye anasema maganda na sukari hayamfanyi mtu hivi. Kamuuliza mara nne."

"Mara nne?"

"Mpaka yule mtoto kaanza kulia. Kasema, 'Daktari, mama yangu hawezi kunidanganya.'"

Saumu akashika mlango wa lori.

"Unarudi lini mjini?"

"Nikipakia. Labda kesho."

Hakungoja kesho. Aliingia ndani, akatoa chupa moja, akaifunga katika kanga, akaiweka chini kabisa ya kikapu na mihogo juu yake. Alifika mlangoni akarudi. Alifikiri: nikikamatwa njiani, nani atamwambia daktari? Akafika tena mlangoni. Alifikiri: nikifika, Mgeni atasikia. Alisimama pale hata jua likapanda kidole kimoja, mwanamke wa miaka arobaini na mitano amesimama na kikapu kama aliyesahau anakokwenda. Kisha akatoka, hakufunga mlango.

Kijiji cha Raheli kilikuwa kwenye njia ileile. Alijiambia atapita tu, hatasimama. Alisimama. Ukweli ni kwamba alitumaini Raheli angemwambia kuwa gongo ni gongo, yote sawa, na lililompata Shaibu ni jambo jingine la Mungu.

Raheli alikuwa anaanika makopa ya muhogo. Aliinuka na furaha, kisha akauona uso wa mwenzake.

"Nani kafa?"

Saumu alimweleza akiwa amesimama, kwa sauti ya chini, huku akitazama nyuma. Alipofika kwenye vya mbele vya wiki nzima, Raheli aliketi chini juu ya makopa yake.

"Akakupa vya mbele? Vyote pamoja?"

"Mimi niliomba kali."

"Mama Mgeni. Hicho cha kwanza hakinywewi. Cha kwanza kilimpofusha mjomba wangu, mimi nikiwa hivi." Akaonyesha kimo cha goti. "Kilimwua na nguruwe wa mama yangu, usiku mmoja."

"Lakini wewe ulikuwa unawapa wazee wako!"

"Wazee wangu wamekwisha kufa, kitawafanya nini?" Raheli alikuwa karibu kupiga kelele. "Ukimwambia mlevi hiki ni sumu, atakuambia wewe mchoyo, ataonja. Ukimwambia ni cha marehemu, hakigusi. Bibi yangu alijua watu. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo ninavyowafundisha wanangu."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa umegeuza uso! Kila mara umegeuza uso na astaghfirullahi yako! Nikuambie mgongo?"

Raheli alimwangalia, akaona alivyoshika kikapu kwa mikono miwili.

"Daktari anajua?"

"Hajui."

"Tangu jana usiku hajui?" Raheli akainuka, akamgeuza mabega kama mtoto, akamsukuma kuelekea barabarani. "Nenda. Usikae hapa na mimi. Nenda!"

*

Alipata baiskeli ya mwalimu mmoja iliyomfikisha karibu na mji, na mwendo uliobaki akaumaliza kwa miguu. Adhuhuri ilikuwa imepita alipoingia wodini. Mgeni alikuwa kwenye benchi nje ya mlango na bakuli la uji usioguswa. Alipomwona mama yake, uso wake ulifunguka, na huo ndio uso ambao Saumu hatausahau, kwa kuwa ulikuwa wa mwisho wa namna hiyo.

"Mama! Umekuja kwa miguu? Mwambie daktari, mama. Wananiona mimi mwongo."

Daktari alitoka akiwa na karatasi zake. Saumu aliweka kikapu chini, akatoa mihogo mmoja mmoja, akaitoa kanga, akaifungua. Chupa ilimeta.

"Ndiyo hii," akasema. Akaanza tena. "Ndiyo hii aliyokunywa. Ina maganda ya danzi na sukari. Na gongo. Gongo ya mabibo, ile ya mbele, inayotoka kwanza."

Daktari alizibua, akanusa, akaacha kunusa.

"Kanywa kiasi gani?"

Saumu hakujua. Mgeni ndiye aliyejibu, polepole. "Chupa nzima. Alisema tamu. Alisema inamwondolea uchovu, akawa anaiweka chini ya cherehani. Siku tatu." Kisha akasema, "Gongo?"

Daktari alikuwa amekwisha kuingia ndani akiita watu. Mlango ulifungwa. Wakabaki wawili na mihogo iliyotapakaa sakafuni. Saumu aliinama kuiokota, na Mgeni hakuinama kumsaidia. Alikuwa mtoto ambaye tangu ana miaka minne hakumwacha mama yake aokote kitu peke yake.

"Gongo," Mgeni akarudia. "Mume wangu anaswalisha watoto."

"Mwanangu."

"Rudi nyumbani, mama."

Shaibu hakufa. Siku ya tatu alianza kuhema vizuri, siku ya saba akala. Daktari alimwita Saumu pembeni siku aliyokuja kuleta nguo, akamwambia ataona mwanga na kivuli, labda mtu akisimama karibu ataona umbo lake. Uzi na sindano asahau. Saumu alimuuliza swali aliloliogopa. Kama angejua usiku uleule?

Yule kijana aliangalia karatasi zake. "Mimi si polisi, mama," akasema. "Wala si Mungu. Kila saa ilikuwa na maana."

*

Shaibu na Mgeni waliletwa nyumbani baada ya majuma matatu. Mathayo alikuwa ameondoka usiku na mrija wake, watu walisema yuko kwa kaka yake upande wa Nanyamba. Chupa ya mwisho Saumu aliimwaga chooni, na zile kubwa za Mama Yani akazivunja kwa mchi shimoni. Kijijini ilisemwa kwamba fundi kapatwa na homa ya macho. Hakuna aliyejua zaidi, na hakuna askari aliyekuja.

Nyumba ya Mgeni ilikuwa ya saba kutoka kwake. Asubuhi ya kwanza Saumu alikwenda na uji wa mtama. Alibisha hodi. Ndani palikuwa na watu, alisikia kikohozi cha Shaibu, alisikia miguu. Hakuna aliyeitikia. Aliweka uji kizingitini. Jioni aliukuta palepale, kuku wameupindua.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tano alimsikia Shaibu akisema, "Ni mama huyo, Mgeni," na mlango haukufunguliwa. Siku ya nane wanawake waliokuwa wakipita kwenda kisimani walianza kupunguza mwendo wafikapo pale. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Siku hizi mtu anabisha kwa mwanawe kama mtoza kodi." Mwenzake akacheka.

Siku ya kumi na moja Saumu hakuleta uji. Alibisha, akangoja, kisha akaketi kizingitini, mgongo kwenye mlango. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Wanne aliwazika. Huyu wa tano alikuwa nyuma ya ubao huu mmoja, na kama ubao huu haufunguki, basi hesabu yake ya watoto imekwisha.

Jua lilikuwa limeshapanda aliposikia sauti karibu na sikio lake. Mgeni alikuwa amekaa upande wa pili, chini vilevile.

"Usiku ule. Ismaili alipouliza. Ulikuwa unajua?"

Saumu akafumba macho. "Nilijua ina gongo," akanong'ona. "Sikujua kwamba..."

"Sikusikii."

"Nilijua ina gongo."

"Sikusikii, mama. Miaka yote hii unanong'ona. Sema."

Saumu alitazama barabara. Wale wanawake walikuwa wanarudi na maji vichwani. Balozi wa nyumba kumi, ambaye kazi yake ni kupeleka habari mbele, alikuwa anachonga mpini nje kwake, hatua ishirini. Kila aliyekuwa hapo angesikia, na likishasikika haliwezi kurudishwa ndani.

Akasimama. Akageukia mlango.

"Nilijua!" akasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikavuka barabara. "Nilijua ina gongo! Miaka yote natia gongo, dawa yangu yote ni gongo, na wewe nilikuficha! Nilichukua vya kwanza kwa Mathayo kwa tamaa ya kupata kali! Ismaili alipouliza nilijua, nikasema maganda na sukari, na daktari akapoteza usiku mzima na asubuhi nzima kwa ajili yangu!"

Balozi aliacha kuchonga. Mwanamke mmoja alishusha ndoo.

"Kwa nini?" Mgeni akauliza. Sauti yake ilikuwa imepanda. Naye alikuwa amesimama.

"Nilikuogopa wewe."

"Mimi?"

"Jela niliiogopa, ndiyo. Wakweo wa Mikindani niliwaogopa. Lakini pale chini, kando ya lori, ulinitazama, ukaniuliza si ndiyo, mama. Nikaona nikisema siyo, hutanitazama tena hivyo. Nikamwacha Shaibu alipie." Saumu alikuwa analia sasa na hakujifuta. "Basi nimesema. Na bado hunitazami."

Nyuma yake barabara yote ilikuwa imetulia, hata watoto. Balozi aliweka mpini chini, akafuta mikono kwenye shuka, akaanza kuja taratibu. Saumu alisikia mchakacho wa kandambili zake lakini hakugeuka.

Komeo likavutwa.

Mgeni alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda, nywele zake hazijasukwa, na jicho lake halikuwa na huruma. Alimtazama mama yake toka kichwani hadi miguuni, kisha akamtazama balozi juu ya bega la mama yake.

"Baba, mama yangu ana mgonjwa wa kumwangalia," akamwambia. "Mambo yako yangoje jioni."

Balozi akasimama alipokuwa.

"Sijakusamehe," Mgeni akamwambia mama yake, kwa sauti ya chini. "Usije ukadhani."

"Sidhani."

"Anataka kuoga, na mimi peke yangu siwezi kumwinua."

Akasogea kando, akaushikilia ubao wa mlango kwa mkono ili usirudi.